Rula Badala ya Mzani

Mfugaji wa perege pale Iyunga, Mbeya, analisha mifugo asiyoiona. Chakula chao hupangwa kwa uzito: samaki wanaokua hupewa kama asilimia 3 ya uzito wao kwa siku. Ukizidisha, mabaki yanaozea bwawani na kumaliza oksijeni, ukipunguza, wanadumaa. Inabidi kuvuta wavu mara kwa mara na kupima wachache. Tatizo ni kwamba mzani wa gramu haupo kila nyumba, na perege anayerusharusha mkia juu yake hasomeki. Ukimlaza kwenye ubao wenye rula na kumfunika macho kwa kitambaa kibichi, anatulia kiasi cha kutosha.

Rula inatosha kwa sababu samaki hakui urefu tu. Anapanuka na kunenepa pia. Urefu ukiongezeka mara mbili, uzito hupanda takribani mara nane. Pima kwa sentimita toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, zidisha urefu kwa urefu kwa urefu, zidisha tena kwa namba ya afya ya samaki, kisha gawa kwa 100. Wataalamu wanaiita namba hiyo kipimo cha Fulton, mtafiti wa Uskoti. Kwa perege aliyeshiba huwa karibu na 1.8, hivyo wa sentimita 20 ana gramu 144. Kambale, kwa wembamba wake, yuko kwenye 0.8 hivi: urefu uleule, gramu 64.

Usikope namba ya bwawa la Mwanza. Perege hustawi kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30, na Juni na Julai baridi ya Mbeya huyashusha maji mbali chini ya hapo. Samaki hupoteza hamu ya kula. Azima mzani siku moja, pima wako, upate namba yako. Ukiuazima tena miezi inayofuata ukakuta namba imeshuka, wanakonda, hata kama rula haijaona kitu.

Usome rula kwa makini pia: 21 badala ya 20 inaongeza gramu 23 nzima.

Kosa ninaloliona la hatari zaidi ni kutafuta wastani wa urefu kwanza. Chukua perege wawili, wa sentimita 10 na wa 20. Wastani wa 15 unakupa gramu 61 kwa kila mmoja, ilhali ukimpigia kila samaki hesabu yake unapata 18 na 144, wastani 81. Kwenye bwawa la samaki 500 wa mchanganyiko huo, kilo 10 za samaki hazijahesabiwa chakula.