Mifupa ni amana: hujengwa utotoni, hudaiwa uzeeni



Ndugu msomaji, katika Surat Maryam, Nabii Zakaria (A.S.) anapoueleza uzee wake mbele ya Mola, anaanza na udhaifu wa mifupa, kisha ndipo anapotaja mvi. Sisi huanza na mvi kwa kuwa ndizo tunazoziona. Udhaifu wa mifupa hujificha hadi siku bibi anapoteleza uani akavunjika nyonga, na nyumba nzima ikageuka ya kuuguza.

Mfupa si kipande cha mti mkavu. Ni kiungo hai, ambacho mwili hukibomoa na kukijenga upya kila siku. Takriban asilimia 99 ya madini ya kalsiamu mwilini yamo katika mifupa na meno. Chakula kikipungukiwa na madini hayo, damu huyachota katika mifupa. Ghala hilo hujazwa tangu utotoni hadi karibu umri wa miaka 30, na baada ya hapo huanza kupungua polepole. Kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi hedhi inapokoma. Kwa hiyo maradhi ya bibi huenda yalianza alipokuwa binti.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imeruzukiwa mengi. Vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa na Parakuyo vina ng'ombe, wakulima wana mahindi, maharage na mboga, na jua halina bei. Lakini neema kuwa jirani si sawa na neema kuwa mezani. Mfugaji anaweza kuuza maziwa yote asubuhi, mwanawe akabaki na chai ya rangi. Huko Mikumi, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia, kijana anayeshinda barabarani kwa chipsi na soda hushiba tumbo huku mifupa yake ikibaki na njaa.

Wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku kwa mwenye umri wa miaka 9 hadi 18. Glasi moja ya maziwa au mtindi ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni hazina nyingine, na maharage huongeza utomwili unaoupa mfupa uimara. Mchicha una kalsiamu, ila una pia tindikali inayozuia sehemu kubwa ya madini hayo isifyonzwe, hivyo usitegemewe peke yake.

Tahadhari moja ni ya lazima: maziwa yachemshwe. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya brusela, vinavyoleta homa na maumivu ya viungo na mgongo, na vya kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia hata uti wa mgongo. Kuchemsha hakuondoi kalsiamu.

Mwili hauwezi kufyonza kalsiamu vizuri bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za asili. Ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo kwa lita ya damu, zaidi ya maradufu ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa kinatosha. Lakini jua peke yake halitoshi. Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 1999 ulihusu watoto wenye mifupa laini na matege katika nchi yenye jua tele. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D pekee.

Dada zetu wanaojisitiri hawana haja ya kuacha sitara. Ua wenye faragha, mbali na macho ya ajinabi, unatosha kuota jua mikononi na miguuni mara kwa mara. Anayeshinda ndani siku zote, hata katika nchi za Ghuba zenye jua kali, huweza kupungukiwa na vitamini hiyo.

Mfupa pia huimarika unapobebeshwa kazi. Kutembea kwenda shamba, shule au msikitini ni bora kuliko kupanda bodaboda kwa kila safari fupi. Sigara huudhoofisha, na ulevi, ambao dini imeuharamisha, huudhuru vilevile.

Basi tujiulize: chakula bora kikiingia nyumbani, hupewa nani kwanza? Mara nyingi huwa baba na mgeni. Surat al-Baqara, aya ya 233, inapotaja miaka miwili ya kunyonyesha, inamwekea baba wajibu wa chakula cha mama. Mama anyonyeshaye hukopa katika mifupa yake mwenyewe ili mtoto apate, na mwili wake hurejesha deni hilo baada ya kuachisha. Tusimwache alipe peke yake. Kabla ndoo ya maziwa haijatoka mlangoni, glasi ya mtoto na ya mama zitengwe. Ni gharama ndogo leo kuliko kumbeba mzee aliyevunjika kesho.