Uliza milimita, usiishie kwenye namba ya geji

Mfugaji mmoja katika kata ninayohudumia alizungushia zizi la mbuzi wavu wa chuma. Wavu haukutosha, akanunua roli la pili lililovishwa plastiki ya kijani. Maroli yote mawili yaliandikwa geji 14. Usiku mmoja fisi walipasua wavu wa kijani na kuua mbuzi sita. Tulipobandua plastiki na kupima, chuma cha ndani kilikuwa milimita 1.6. Wavu wa kwanza ulikuwa milimita 2. Namba ilikuwa moja, chuma hakikuwa kimoja.

Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini waya wa mm 1.6 una chuma kama theluthi mbili tu ya waya wa mm 2.

Geji ni nini?

Waya hutengenezwa kwa kuvutwa katika matundu, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia. Ukivutwa mara nyingi, huwa mwembamba zaidi. Ndiyo maana geji ikipanda, unene hushuka. Geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12. Usidanganyike na namba kubwa.

Kwa nini namba moja ina unene tofauti?

Kwa sababu orodha za geji ni nyingi. Uingereza iliweka orodha yake ya kisheria iliyoanza kutumika mwaka 1884. Katika orodha hiyo:

• Geji 10 ni mm 3.25
• Geji 12 ni mm 2.64
• Geji 14 ni mm 2.03
• Geji 16 ni mm 1.63

Marekani ina orodha zake. Katika ile ya nyaya za umeme, geji 14 ni mm 1.63 tu.

Mabati nayo ni hivyo hivyo. Bati la geji 30 kwa orodha ya Uingereza lina mm 0.315. Kwa orodha ya Marekani ya mabati yaliyopakwa zinki, geji 30 ni mm 0.40. Milimita haina orodha mbili: mm 2 ni mm 2 popote.

Pima mwenyewe kabla ya kulipa

1. Muulize muuzaji: "Chuma chenyewe ni milimita ngapi?" Akuandikie jibu kwenye risiti.
2. Kama waya umevishwa plastiki, bandua kidogo ncha yake. Plastiki haizuii fisi.
3. Chukua waya wa nusu mita hivi, uuzungushe kwenye nondo mara 10, mizunguko ikibanana. Pima upana wa mizunguko yote kwa rula, kisha gawanya kwa 10. Mizunguko ikichukua mm 25, waya ni mm 2.5.
4. Kwa bati, mwombe fundi mwenye kifaa cha kupimia unene akupimie ukingoni.
5. Usilinganishe bei ya roli kwa roli. Uliza pia uzito na urefu. Maroli mawili yenye urefu na matundu sawa yakitofautiana uzito, jepesi lina chuma kidogo.

Kwa wavu wa zizi, nashauri waya wa mm 2.5 au zaidi.

Na sindano za chanjo?

Sindano pia huandikwa geji, na hapo pia namba kubwa ni sindano nyembamba. Geji 16 ina unene wa mm 1.6 hivi, geji 18 mm 1.2, geji 20 mm 0.9. Kwa ng'ombe mkubwa tumia geji 16 au 18. Geji 20 inaweza kupinda au kuvunjikia mwilini mnyama akiruka, na dawa nzito hupita humo kwa shida. Kwa mbuzi na kondoo, geji 18 au 20 inafaa.

Ukiwa na shaka, njoo na kipande cha waya au pakiti ya sindano kwa afisa mifugo wako kabla ya kununua. Kupima hakuna gharama. Mbuzi sita wana gharama.