Gari bovu mtaani: kabla hujaita mtu wa skrepu, soma hapa

Kwenye kichochoro chetu huku Kisauni kulikuwa na gari lililokaa miaka minne bila kusogea. Lilikuwa matatu ya jirani yetu. Alipofariki, lilibaki pale pale alipoliegesha. Magurudumu yakaanza kwenda moja moja, kisha viti, kisha vioo. Watoto wakalifanya mahali pa kuchezea udereva, kuku wakataga ndani. Sisi wakubwa tukalizoea, tukawa tunalipita kama tunavyoupita mnazi.

Mvua za masika ndizo zilizotuamsha. Binti yangu alishikwa na homa kali, macho yakimuuma kwa ndani na viungo vyote vikimuwanga. Walipompima wakasema si malaria, ni dengi. Wiki ile ile watoto wengine wawili wa kichochoro hicho wakaugua vivyo hivyo. Afisa wa afya ya umma alipokuja kukagua, alikwenda moja kwa moja kwenye lile gari. Akanionyesha maji yaliyotuama sakafuni na ndani ya tairi la akiba. Viluwiluwi walikuwa wamejaa tele. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma binti yangu alitoka pale, lakini siku hiyo niliamua gari lile lazima liondoke.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Haikuwa hivyo, na ndiyo sababu naandika, ili wewe mwenye gari kama hilo mtaani kwako usizunguke kama nilivyozunguka.

Kwanza, tuelewe hatari yenyewe. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Hutaga kwenye maji machache yaliyo karibu na watu: mtungi, kopo, tairi. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Hata maji yakikauka, mayai huweza kungoja miezi kadhaa mpaka mvua irudi. Mbu huyo huyo hueneza chikungunya, iliyowalaza watu wengi hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Gari pia huwa na betri yenye asidi na madini ya risasi. Wakazi wa Owino Uhuru kule Jomvu wanajua risasi hufanya nini mwilini mwa mtoto.

Pili, ni jukumu la nani? La kwanza ni la mwenye gari, na mbele ya sheria huyo ni yule aliyeandikwa kwenye rejesta ya NTSA. Wengi wetu huuziana magari kwa karatasi ya mkononi, jina likabaki la muuzaji. Sheria ya Trafiki inampa mmiliki mpya siku 14 kujiandikisha. Ukiuza bila kubadilisha jina, gari likitupwa mahali utatafutwa wewe.

Baada ya mwenyewe, inategemea gari liko wapi. Likiziba barabara, ni suala la kaunti na polisi wa trafiki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti barabara zake, maegesho, uondoaji wa taka na udhibiti wa kero za umma. Likiwa kwenye kiwanja cha mtu, kaunti haiwezi kuja tu kuliburuta. Hapo hutumika Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242: afisa hutoa notisi ya kuondoa kero, na anayekaidi hupelekwa kortini.

Tatu, mtego uliotaka kutunasa. Vijana wa mtaa walisema, "Tuite mtu wa skrepu alipime, pesa tununulie taa za kichochoro." Wazo zuri, lakini kuuza gari lisilo lako ni wizi, hata kama limeota kutu. Isitoshe, tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, mnunuzi anatakiwa awe na leseni.

Nikaenda kwa mjane. Alinikaribisha vizuri, kisha akaniambia, "Mwanangu, hilo gari lina watoto wanne nyuma yake, na wawili si wangu. Nikiliuza leo, kesho nitaambiwa nimekula mirathi." Nikanyamaza. Miaka yote minne tulikuwa tukimlaumu kwa uzembe, kumbe mama wa watu alikuwa anaogopa. Na alikuwa sahihi: Sheria ya Urithi, Sura 160, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na korti.

Njia tuliyofuata ni hii. Tulipiga picha za gari na nambari yake, tukapeleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya wadi na kwa afisa wa afya, tukabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mjane akachukua barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha akaenda Mahakama ya Kadhi. Asiye Mwislamu angeenda kwa hakimu au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali. Tulipokuwa tukingoja, kila Jumamosi tulimwaga maji. Lile tairi tulilitoboa, kwa idhini yake, na gari tukalifunika turubai lililovutwa vizuri lisishike maji.

Ilituchukua miezi mitano. Siku gari lilipobebwa, mnunuzi mwenye leseni alilipima mbele ya warithi, kila mmoja akatia sahihi, na mjane akabaki na risiti yake. Fungu lake halikuwa kubwa, lakini aliniambia usiku huo ndio wa kwanza kulala bila kufikiria lile gari.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona gari limelala mtaani kwenu, anza kwa kubisha mlango wa mwenyewe kwa heshima. Huenda naye anatafuta mtu wa kumsaidia kuliondoa.