Fahamu: Kwa nini intaneti ya setilaiti haijafika Nabuyoga

Nabuyoga iko wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda. Nyaya za faiba kutoka Mombasa huingia nchini kupitia mipaka ya Malaba na Busia, lakini hufuata barabara kuu na miji. Vijijini watu hutegemea minara ya simu.

Setilaiti haihitaji kuchimbiwa mtaro. Nyingi za zamani za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, mbali kiasi kwamba jibu huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Mwaka 2019 kampuni ya SpaceX ilianza kurusha setilaiti za intaneti za Starlink, 60 kwa roketi moja, hadi kimo cha takriban kilomita 550. Kwa kuwa ziko chini, kila moja huonekana kwa dakika chache tu, kisha dishi la mtumiaji hudaka nyingine. Ndiyo maana zinahitajika maelfu.

Kenya ilipata huduma ya Starlink Julai 2023. Novemba 2024 mauzo mapya yalisitishwa Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa: madishi ya eneo moja hugawana masafa yale yale. Kwa hiyo inawafaa zaidi watu wanaoishi kwa kutawanyika, kama wa Nabuyoga.

Lakini Januari 2026, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilisema Starlink haina leseni, na madishi yaliyokuwa yakitumika nchini bila leseni yakazimwa. Kununua dishi Kenya na kulivusha hakusaidii, kwa kuwa kampuni hujua dishi liko upande gani wa mpaka. Leseni ikitolewa, naona shule na vituo vya afya vianze, maana familia nyingi haziwezi kununua dishi.