Nyimbo Mpya Kwenye Telefoni za Watoto Wetu: Tusikilize Nini, Tuache Nini?



Kwetu Kabambare, sawa na kule Kasongo, albamu haifiki na sanduku lake wala karatasi yake ya picha. Inafika ndani ya kadi memori. Unampa kijana wa kibanda telefoni na franka kidogo, naye anakutilia nyimbo mia: rumba ya Kinshasa, bongo fleva ya Dar es Salaam, kaswida, nyimbo za ibada, zote zimechanganyika kama mchele usiopepetwa. Jina la mtunzi halipo, mwaka haupo. Mtoto anaondoka nayo, na sisi tunaisikia kutoka jikoni bila kujua kinachoimbwa ni nini. Juma hili basi tuzipepete kidogo.

Tuanze na rumba, maana bila rumba hakuna ndoa inayochangamka. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo zote mbili kati ya urithi wa dunia. Mwaka mmoja nyuma ya pale, Desemba 2022, Fally Ipupa akatoa albamu yake Formule 7. Huyu ni yule aliyekomaa katika Quartier Latin ya Koffi Olomide, akatoka na albamu yake ya kwanza, Droit Chemin, mwaka 2006. Kwa sauti na kwa magita, Formule 7 ni kazi safi. Imejaa rumba ya taratibu ambayo hata mama mkubwa mwenye magoti mabovu anaweza kuisimamia. Lakini ni ndefu! Nyimbo zaidi ya ishirini, na si zote zina kitu cha kusema. Koffi naye mwaka 2015 alitoa 13ième Apôtre, diski 4 kwa mara moja. Ni nani mwenye nafasi ya kusikiliza diski 4, na mihogo iko kwenye maji inangoja?

Kuna jambo lingine linalowachosha wasikilizaji: majina. Wimbo unaanza vizuri juu ya mapenzi, ghafula mwimbaji anaita jina la mheshimiwa fulani, la tajiri fulani, la mwenye duka fulani wa Ulaya. Kinshasa wanaita kutupa libanga, yaani kutupa jiwe, na mwenye kuitwa jina analipa. Wengi wetu tunalalamika kwamba mabanga yameharibu muziki. Ni kweli, lakini tujiulize nani mwingine anamlipa mwimbaji. Zamani watu walinunua diski na kaseti. Leo kijana wa kibanda anapata franka zake, mwenye jenereta anapata zake, na aliyeimba hapati hata moja kutoka Kabambare. Basi anaimba jina la yule anayelipa. Kama hatutoi kitu, si ajabu wimbo hauongei habari zetu.

Juu ya Koffi, kuna neno ambalo wenye binti lazima walijue. Wimbo Waah!, aliouimba na Diamond Platnumz mwaka 2020, ulichezwa na watoto wa kila mtaa, na ni wimbo wa kuchangamsha kweli. Lakini Julai 2016, kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, video ilimwonyesha akimrushia teke mmoja wa wanawake wa kundi lake, na Kenya ikamfukuza. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa huko Ufaransa ilimhukumu kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuilia wachezaji wake wa zamani wasiwe huru. Kwa mashtaka ya kuwashambulia kwa tendo la ndoa, mahakama hiyohiyo ilimwachilia. Kuna wamama wanaosema wimbo ni wimbo na mtu ni mtu. Wengine wamemtoa kabisa kwenye kadi yao. Mimi niko upande wa wale wanaoongea na binti zao kwanza. Binti anayetazama wachezaji wale kwenye video anaona nguo na taa tu. Haoni nani anashika pasipoti yao, wala nani anawalipa, wala kama wanalipwa.

Sasa tuvuke ziwa. Hapa ndipo sisi wa Maniema tuna bahati ambayo mtu wa Kinshasa hana. Lingala tunaisikia nusu-nusu, tunacheza maneno tusiyoyajua. Kiswahili ni chetu. Kilikuja kwa njia ya misafara, kutoka Zanzibar kupitia Ujiji hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe, enzi za Tippu Tip, pamoja na machozi ya utumwa tusiyoyasahau. Kwa hiyo mwimbaji wa Zanzibar akificha fumbo ndani ya neno, mama wa Kabambare analifumbua bila mkalimani.

Mchukueni Zuchu. Mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu, aliyeimba na Culture Musical Club ya Zanzibar na baadaye TOT ya Tanzania bara. Mwaka 2020 binti alitoa kazi yake ya kwanza, I Am Zuchu, nyimbo 7 tu, na katika Mauzauza alimwita mama yake waimbe pamoja. Hebu sikilizeni sauti zile mbili moja baada ya nyingine! Ya binti ni laini, imepita kwenye mashine. Ya mama imetoka kifuani na haiombi ruhusa. Albamu yake kamili, Peace and Money, ilifuata mwaka 2024. Kwa masikio yangu ile ndogo ya kwanza bado ina ladha zaidi, na nyimbo 7 zinaisha kabla sombe haijaiva. Si kila wimbo wa Zuchu ni wa kumwachia mtoto wa miaka tisa, lakini walau unaelewa unachokataa.

Na tusiwasahau waliotangulia. Tarehe 10 Desemba 2022, siku chache tu mbele ya Formule 7, alikufa Tshala Muana, malkia wa mutuashi, mzaliwa wa Lubumbashi. Alianza kama mchezaji kwenye kundi la mwanamke mwenzake, M'Pongo Love, akapanda mpaka kuwa na jina lake mwenyewe. Aliimba Kiluba cha Kasai bila kuona haya, na ngoma ya kiuno ya kwao akaipeleka duniani. Vijana wa vibanda hawana nyimbo zake mpaka uombe. Ombeni.

Nyimbo za ibada nitazipitia haraka, kwa sababu kila kwaya ina wapenzi wake na sitaki vita: Dena Mwana na Mike Kalambay wanasikilizwa sana, na majirani zetu Waislamu wana kaswida zao zenye mafundisho mazuri kwa watoto.

Makundi yanayotayarisha sherehe au siku ya likelemba, nawaomba jambo moja: msimwachie mwenye sono achague peke yake. Nendeni wamama wawili kibandani kabla ya siku, na karatasi mkononi. Andikeni rumba tano za Formule 7, Mauzauza, mbili za Tshala Muana, kaswida moja na wimbo wa kwaya mmoja. Mwambieni kijana azitie kwenye kadi tupu, si juu ya zile za zamani, na kadi hiyo ikae kwa mweka hazina pamoja na daftari.