Vitamini si bonboni

Baba, mama, ukinunua vitamini za watoto za kutafuna sokoni Nyangwe au Kasongo, usitazame rangi na utamu tu. Soma kartoni, ama umwombe mtu akusomee.

Kwanza, tafuta neno «fer», maana yake chuma. Chuma hujenga damu. Lakini mtoto akila vidonge vingi kwa mara moja, chuma humchoma tumbo na kuharibu ini, aweza kufa. Marekani iliagiza mwaka 1997 onyo hilo liandikwe juu ya chupa.

Pili, tafuta E102. Ni rangi ya manjano ya kuvutia macho, haimlishi mtoto. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2010, chakula chenye rangi hiyo lazima kiandikwe kwamba chaweza kudhuru utulivu wa watoto.

Mtoto akimeza vingi, hata kama bado anacheza, mlete mbio dispensari pamoja na chupa. Usingoje atapike.

Usiite dawa bonboni. Iweke juu, na ufunguo. Tena kumbuka: mafuta mekundu ya mawese na sombe iliyopikwa vizuri humpa mtoto vitamini A bila rangi ya kiwandani.