Moto Ndio Pampu

Mbunifu wa Kiholanzi, Floris Schoonderbeek, alibuni Dutchtub, beseni la kuogea nje lisilo na pampu wala waya wa umeme. Ubavuni linaning'iniza koili ya chuma cha pua, na kuni huwashwa katikati ya mizunguko yake. Basi.

Aliyewahi kubandika sufuria anaijua siri yake: maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda. Yaliyomo kwenye koili hupanda na kuingia beseni kwa tundu la juu. Ya baridi huteremka kwa tundu la chini kushika nafasi yao.

Anayejitengenezea nyumbani hupenda bomba la shaba nyekundu, ambalo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma cha pua. Kulikunja ni kazi ya subira. Lijaze mchanga mkavu, ziba ncha, ndipo ulizungushe kwenye gogo. Bila mchanga litabonyea kama mrija wa soda. Koili ikae chini kuliko beseni, na bomba la kutokea lipande mfululizo. Likipata nundu, hewa hukwama hapo na mzunguko hukatika.

Koki mimi nisingeweka kabisa. Ukifunga ncha zote mbili moto ukiwaka, mvuke hukosa pa kutokea, na hilo ni bomu. Vilevile moto usiwashwe kabla maji hayajafunika tundu la juu.

Tuseme uko Njombe, Julai, maji ya bomba yana nyuzi 15. Kuzifikisha lita 1,000 hadi nyuzi 38 kunataka joto la uniti 27 hivi za umeme; nani ana moyo huo? Kwa kuni kavu ni kama kilo 14, iwapo nusu ya joto itaishia kwenye moshi. Kuni mbichi zitakula zaidi, na beseni lisilo na kifuniko litakutoza tena, maana joto jingi hutoroka na mvuke.

Ukomo ni nyuzi 40, na wazee wenye matatizo ya moyo, wajawazito na watoto wadogo wasifikishwe huko. Kabla ya kuingia, koroga kwa ubao mrefu hadi chini. Kipimajoto kinachoelea kinaweza kusoma 40 huku nyayo zikikutana na Julai.